Kusomea Ualimu wa Shule ya Msingi Uganda: Utakayoyakuta Tangu Kuomba Nafasi Hadi Kushika Chaki

Matokeo ya S6, mwaka wa mwisho wa sekondari, yakitoka, simu yangu hailali. Binti wa jirani aliyehamia Koboko, kijana wa Busia, mama mmoja wa Nakivale aliyekuwa mwalimu Congo kabla ya vita kumtoa kwao: swali lao ni moja. Ualimu wa msingi unasomewaje siku hizi, na huko chuoni kuna nini? Nimejibu kwa mdomo hadi nimechoka, sasa naandika. Mimi nafundisha madarasa ya chini hapa Arua. Kiswahili ni cha nyumbani kwetu, Kilugbara nilikiokota mtaani, na Kiingereza nilikipata kwa kiboko. Habari ya kiboko nitairudia.

Wengi hukosea jambo moja kabla hata hawajaanza. Wanadhani chuo kitawafundisha hesabu na sayansi. Hayo chuo kinadhani umeshayajua. Unachoenda kujifunza ni namna ya kumfikishia mtoto wa miaka sita, kwa lugha anayoisikia, akiwa amekaa na wenzake themanini. Hilo hulijui mpaka usimame mbele yao, kwa hiyo siku za mazoezi ya kufundisha ndizo chuo chenyewe. Miezi mingine yote unajiandaa kwa siku hizo.

1. Jua mlango upi bado uko wazi

Shangazi yako aliye mwalimu huenda akakupa ushauri wa zamani. Kwa miaka mingi njia ilikuwa moja: unamaliza S4, yaani mwaka wa nne wa sekondari, unafaulu masomo sita, Kiingereza na hesabu yakiwemo, unaingia chuo cha walimu wa msingi, yaani PTC, unakaa miaka miwili, unatoka na cheti cha Gredi III kutoka Chuo Kikuu cha Kyambogo. Walimu wengi utakaowakuta shuleni leo walipita hapo, na mimi nimo.

Sera ya Taifa ya Walimu ya 2019 iliupindua mpango huo. Inataka kila mwalimu, wa chekechea hadi wa sekondari, awe na shahada. Gredi III ikaanza kuondolewa, na serikali ikaanzisha UNITE, taasisi ya taifa ya kuandaa walimu. Makao yake makuu ni Shimoni, na kampasi zake ndivyo vilivyokuwa vyuo vya taifa vya walimu: Kabale, Kaliro, Mubende, Unyama kule Gulu, na Muni hapa kwetu Arua. Kyambogo nayo bado inafundisha walimu.

Kwa hiyo leo ukiwa na S6 yenye prinsipo mbili, yaani masomo mawili uliyofaulu kikamilifu, za kikao kimoja cha mtihani, waweza kuomba shahada moja kwa moja. Ukiwa na prinsipo moja na sabsidiari mbili, yaani ufaulu wa ngazi ya chini, tafuta stashahada, halafu upande kutoka hapo. Mwenye S4 peke yake ndiye mwenye mlima mrefu, na sitamdanganya: rudi usome S5 na S6, hata kama una miaka ishirini na mitano na utakaa dawati moja na watoto wa dada yako. Utaona haya muhula wa kwanza tu.

Jihadhari na chuo kinachoandikisha Gredi III kana kwamba hakuna kilichobadilika. Binamu yangu alilipa ada ya muhula mzima kwenye chuo kimoja cha binafsi, akanunua na sare, ndipo akagundua kwamba hakuna aliyeweza kumwambia mtihani wa mwisho ungetungwa na nani. Fedha hazikurudi. Kabla ya kutoa hata shilingi, uliza matatu: programu hii imeidhinishwa na nani, mtihani unatungwa na nani, na juu ya cheti litaandikwa jina la nani. Programu za stashahada na shahada huidhinishwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE. Ukijibiwa kwa kuzungushwazungushwa, aga uende zako.

2. Karatasi

Vyeti halisi vya S4 na S6, kitambulisho cha taifa, picha za pasipoti, barua ya LC1, yaani mwenyekiti wa kijiji, na barua ya shule uliyotoka. Hayo kila mtu anayajua. Kinachowaangusha watu wetu ni majina. Kwenye cheti cha P7, darasa la saba la msingi, umeandikwa Abdala, S4 Abdallah, kitambulisho Abudallah, na karani anaona watu watatu. Zubeda na Zubeida vilevile. Tandaza karatasi zako zote mezani leo, uzisome herufi kwa herufi. Zikitofautiana, nenda kwa wakili ukaape na kuandikiwa hati kwamba hao wote ni wewe. Ukingoja wiki ya kuripoti chuoni, umechelewa.

Kwa aliyesoma Congo, Kenya au Tanzania kuna kituo kimoja zaidi. Cheti cha sekondari cha nje lazima kipelekwe UNEB, baraza la taifa la mitihani, kilinganishwe na S4 au S6 ya Uganda. Kilichoandikwa kwa Kifaransa kitahitaji kwanza tafsiri inayotambulika ya Kiingereza. Anza miezi mingi kabla ya muhula. Yule mama wa Nakivale alikuwa na vyeti vyake ndani ya mfuko wa nailoni aliouvusha mpakani kifuani, na bado alikosa mwaka mmoja kwa sababu hakuna aliyemwambia habari ya kulinganisha.

3. Maisha ya bwenini

Ukipata chuo cha bweni utakula posho, yaani ugali, na maharage, utaamka gizani, utaoga kwa ndoo. Beba godoro, neti ya mbu, jembe au fyekeo kama umeagizwa, na kalamu za maka za rangi nyingi kuliko unavyodhani zinatosha. Vyuo vya walimu vina desturi ya kukutendea kama mwanafunzi wa S3 hata kama una watoto wawili nyumbani: kengele, gwaride la asubuhi, ukaguzi wa vitanda. Nilinung'unika sana wakati ule. Nilipokuwa mwalimu wa zamu na kutakiwa kuwafikisha watoto mia saba kwenye mstari ndani ya dakika kumi, nilinung'unika kidogo.

4. Masomo ya darasani

Utasoma misingi ya elimu na saikolojia ya mtoto, kisha namna ya kufundisha kila somo: lugha, hesabu, sayansi, maarifa ya jamii ambayo wote tunaiita SST, dini, sanaa, muziki na michezo. Mwalimu wa msingi hachagui masomo mawili akatulia. Kesho mwalimu mkuu anaweza kukupa hesabu ya P5 na nyimbo za P1 siku hiyohiyo.

Nikupe mfano mmoja uone tofauti ya kujua na kufundisha. Chukua 34 kutoa 18. Wewe utaandika juu na chini, utasema "nne haitoshi, nakopa moja", utapata 16. Mkufunzi wangu alimsimamisha mwenzetu mmoja aliyefanya hivyo akamuuliza: "Umekopa kwa nani, na utalipa lini?" Darasa likacheka, lakini hakuna aliyejibu. Akatoa vijiti. Mafungu matatu ya vijiti kumikumi yaliyofungwa kwa nyuzi za mgomba, na vinne vya pekee. Nataka kutoa vinane, hapa viko vinne. Basi nafungua fungu moja. Sasa vya pekee ni kumi na vinne. Natoa vinane, vinabaki sita. Mafungu yamebaki mawili, natoa moja, linabaki moja. Kumi na sita. Hakuna aliyekopa kwa mtu. Mtoto akilifungua fungu hilo kwa mikono yake mara tano, huhitaji kumwimbisha kanuni.

Nilikuwa na alama nzuri za hesabu za S4, na siku ile ndipo nilipoelewa kutoa. Vijiti vile bado ninavyo, ingawa nyuzi nimezibadilisha mara nyingi.

Sehemu nyingine ya masomo ni kuandika tu, na kuandika kwenyewe kunachosha: azimio la kazi la muhula, yaani skimu, kisha andalio la kila somo. Tarehe, darasa, idadi ya wanafunzi, mada, umahiri unaotakiwa, mbinu, zana, hatua za somo, mwalimu anafanya nini na mtoto anafanya nini. Chini kabisa kuna sehemu ya kujitathmini: somo lilifaulu wapi, lilikwama wapi, kesho utafanyaje. Wengi huijaza kabla hata hawajafundisha, na mkaguzi anajua. Mimi nakushauri uijaze ukiwa bado na vumbi la chaki mikononi. Maneno matatu ya kweli yatakufaa zaidi ya aya nzima ya kumfurahisha mkaguzi.

5. Lugha: hapa msemaji wa Kiswahili asikie vizuri

Tangu 2007 shule za msingi zinafuata mtaala wa mada kwa madarasa ya chini. P1 hadi P3 mtoto anafundishwa kwa lugha ya eneo lake na Kiingereza anasoma kama somo. P4 ni daraja la kuvukia. Kuanzia P5 kila kitu ni Kiingereza. Shule za mijini zenye makabila mchanganyiko hutumia Kiingereza tangu mwanzo, lakini toka nje ya mji kidogo na utakuta Kilugbara, Kikakwa, Kiacholi, Kiganda, kutegemea uko wapi.

Kiswahili chako hapo ni upanga wa makali mawili. Kinakusaidia uwanjani, sokoni, kwa wazazi, na kwa watoto wa wakimbizi wa Kyangwali, Kyaka II au Rwamwanja ambao mwalimu mwenzako hawasikii kabisa. Katika shule za makambi ya wakimbizi kuna hata wasaidizi wanaoajiriwa wakae darasani na kuwafafanulia watoto kwa lugha zao. Kwa msemaji wa Kiswahili anayengoja nafasi chuoni, hiyo ni kazi ya kuanzia nayo. Ila Kiswahili hakikuondolei wajibu wa kujua kusoma na kuandika lugha ya watoto wako. Kuizungumza gengeni hakutoshi. Nilijiona hodari wa Kilugbara mpaka nilipotakiwa kuandika ubaoni sentensi tano za hadithi ya P1. Herufi zenye alama juu, maneno yanayotofautiana kwa sauti kupanda au kushuka tu. Mtoto wa mstari wa mbele alinisahihisha kwa adabu, na wenzake wakaona. Nilijifunza jioni kwa mzee wa kanisa aliyekuwa msomaji wa Biblia ya Kilugbara, na malipo yake yalikuwa sukari.

Kwa upande mwingine, wakati wa Kiswahili unakuja, polepole kama unavyojua mambo ya serikali. Marekebisho ya katiba ya 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likakubali kifundishwe kwa lazima msingi na sekondari. Walimu wa kukifundisha ni wachache. Kwa hiyo kama chuo chako kina Kiswahili miongoni mwa masomo, kichukue, hata kama unajiona unakijua. Tunakijua cha nyumbani: "ile kitabu" na "watu ingine" tunasema bila aibu. Ngeli usipozikalia chini, mwanafunzi wa S2 aliyesoma Kenya atakuaibisha.

6. Mazoezi ya kufundisha

Yanakuja kwa ngazi. Kwanza mnafundishana wenyewe chuoni. Mtu mzima mwenye ndevu anajifanya mtoto wa P2 na kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Halafu mnakwenda shule ya mfano iliyo karibu na chuo, mnakaa nyuma mnatazama. Mwishoni mnasambazwa shuleni kwa wiki kadhaa, kwa vikundi, na mkufunzi anakuja bila taarifa, anakaa dawati la nyuma na fomu yake. Awamu ya mwisho huja na mtahini wa kutoka nje, na ndiyo inayowatia watu tumbo la kuhara.

Jiandae hivi.

Nenda shuleni wiki moja kabla. Hesabu watoto, madawati, vitabu, na ujue ubao unasomeka hadi mstari gani. Shule za UPE, ile elimu ya msingi kwa wote iliyoanza 1997, zina madarasa ya watoto themanini, mia na zaidi. Andalio lililoandikiwa watoto arobaini linakufa dakika ya tano. Niliandaa "kila kikundi kipate kitabu kimoja", nikakuta vitabu vinne na watoto tisini na sita. Nilichofanya ni kunakili ukurasa mzima kwenye gunia la mchele kwa wino wa kalamu ya maka, usiku, kwa taa ya sola. Gunia hilo liliishi kuliko vitabu.

Zana zitengeneze kwa vinavyookotwa: vifuniko vya soda vya kuhesabia, maboksi, nyuzi za mgomba, udongo wa mfinyanzi, magunia. Karatasi za manila zinapendeza lakini zinagharimu, na mvua ya Arua haizihurumii. Kuna wanachuo wanaonunua zana zilizochorwa tayari na fundi wa mjini. Mtahini mzoefu huuliza swali moja tu: "Hii mtoto anaitumiaje?" Ukinyamaza, picha nzuri haikuokoi.

Somo la madarasa ya chini ni dakika 30, la juu 40. Ukitoa muda wa kunyamazisha na kugawa daftari, una dakika ishirini. Fundisha jambo moja. Mimi nilitaka kufundisha sauti mbili na wimbo na hadithi, nikamaliza bila hata mtoto mmoja kuandika kitu. Mkufunzi aliniandikia: "Umefundisha sana, wamejifunza nini?" Niliichukia fomu ile mwezi mzima.

Sasa kiboko. Sheria ya Watoto ilivyorekebishwa 2016 inakataza adhabu ya viboko shuleni. Utamkuta mwalimu mwenyeji anayo fimbo nyuma ya mlango na atakuambia watoto hawa hawasikii bila hiyo. Usiipokee. Mwenye jina jipya ndiye anayeangukiwa na kesi, mwenyeji atasema hakuona. Lakini usiingie bila silaha mbadala: makofi ya mapokezano, wimbo wa kurudisha utulivu, viongozi wa vikundi, na kujua majina. Jifunze majina ishirini kwa siku, anza na wale wasumbufu. Mtoto anayeitwa kwa jina lake na lile la baba yake kwa sauti ya chini huketi haraka kuliko anayepigiwa kelele.

Kuna pia watoto ambao umri wao hauendani na darasa. Shule zilifungwa Machi 2020 na kufunguliwa kikamilifu Januari 2022, karibu miaka miwili, na wengine walirudi wakiwa wameshafanya biashara, wasichana wengine wakiwa na watoto. Ukikutana na kijana mwenye sauti nzito kwenye darasa la P5, mpe kazi ya kugawa vitabu, na usimsomeshe kwa sauti mbele ya wadogo siku ya kwanza.

Na wenyeji wako, walimu wa shule hiyo, wasalimie kila mmoja asubuhi. Wengine watakuachia vipindi vyao vyote na kwenda shambani. Chukua viwili vya ziada kwa heshima, cha tatu kataa kwa kumtaja mkufunzi wako.

7. Mitihani

Sina mengi. Anayeandika maandalio yake mwenyewe hufaulu maswali ya mbinu. Anayenakili ya mwaka jana hukwama swali linapomtaka aeleze kwa nini. Karatasi za miaka iliyopita zinauzwa kwa wapiga fotokopi karibu na kila chuo. Nunua mapema zikiwa bado zinasomeka.

8. Kutafuta kazi, na fedha

Ukimaliza, jisajili wizarani kama mwalimu. Usajili siku hizi ni wa mtandaoni, na shule za binafsi nazo zimeanza kuuliza namba hiyo. Walimu wa msingi wa serikali huajiriwa na tume ya utumishi ya wilaya. Matangazo hutoka magazetini na kwenye ubao wa wilaya, na ubao huo huwezi kuusoma ukiwa Kampala. Mwachie jamaa kazi ya kupita pale kila wiki. Unaweza kungoja mwaka, miwili au zaidi. Wakati huo wengi hufundisha shule za binafsi, ambako mshahara ni makubaliano na mara nyingi likizo hailipwi. Omba mkataba wa maandishi, hata wa ukurasa mmoja.

Mwalimu wa Gredi III serikalini analipwa karibu shilingi laki tano kwa mwezi. Sehemu zilizotangazwa kuwa ngumu kufikika zina nyongeza ya asilimia 30. Juni 2022 chama chetu, UNATU, kiliita mgomo baada ya walimu wa sayansi kuongezwa mishahara na wengine kuachwa. Tulirudi darasani, na pengo bado linasemwa kila chai ya saa nne. Nakuambia ili ukipiga hesabu, uipige na shamba au biashara ndogo ndani yake. Na siku ya kupata barua ya ajira, mtu wa mikopo ya mshahara atakuwa ameshaipata namba yako. Mshahara wa kwanza waweza kuchelewa miezi, jina lako likizunguka kwenye mifumo. Usikope juu ya fedha ambazo hujaziona hata mara moja kwenye akaunti.

Kila karatasi utakayopewa, kuanzia ya kukubaliwa chuoni hadi ya ajira, itolee nakala tatu. Moja mfukoni kwenye bahasha, moja shuleni, na moja kwa mama, kwenye sanduku lile analofungia vitenge vya sikukuu.